Jinsi ya kulinganisha kampuni za mitaji kabla hujatuma andiko lako

Wiki iliyopita alinijia hapa Ngamiani, Tanga, dada anayekusanya machungwa Muheza na kuyauza mijini. "Kaka, andiko langu nimpelekee nani?" Mkononi alikuwa na orodha ya kampuni za mitaji ya ubia, yaani zinazowekeza kwenye biashara changa na kupata hisa, kaipanga kwa ukubwa wa mifuko yao (mafungu ya fedha wanayowekeza). Ukubwa wa mfuko haukumwambia fedha zinakwenda kwa nani, na hilo ndilo alilolihitaji. Tukaanza upya.

Hatua ya 1. Chagua chache. Tulichukua TLcom Capital, Novastar Ventures na Partech Africa, maana zote zina ofisi Nairobi.

Hatua ya 2. Fungua jedwali, kila uwekezaji mstari wake: biashara iliyopata fedha, mwaka, sekta, jumla ya raundi (awamu moja ya kuchangisha fedha, mara nyingi kwa wawekezaji kadhaa), nani aliiongoza, nchi inakofanyia kazi na nchi iliposajiliwa. Hizo nchi mbili usizichanganye. Biashara nyingi za kwetu husajiliwa Delaware, Marekani, au Mauritius ili kumridhisha mwekezaji. Ukiangalia usajili peke yake, Afrika Mashariki itapotea machoni pako.

Hatua ya 3. Hapa nenda polepole. Jumla ya raundi si hundi, yaani fedha anazotoa, ya mwekezaji mmoja. Chukua Twiga Foods ya Kenya, iliyoanzishwa kuwaunganisha wakulima na wauzaji wadogo wa mijini. Mwaka 2018 ilipata dola milioni 10 kutoka kwa wawekezaji wakiwamo IFC (taasisi ya Kundi la Benki ya Dunia inayowekeza sekta binafsi) na TLcom. Mwaka 2021 ikapata milioni 50 katika raundi iliyoongozwa na Creadev, TLcom ikiwamo tena. Ukiandika 50 kwa Creadev na 50 nyingine kwa TLcom, umeumba fedha ambazo hazipo. Niliwahi kumpa mteja jedwali lenye kosa hilo. Akaomba kiasi ambacho mwekezaji yule hatoi, akakataliwa. Linaniuma mpaka leo. Kama kiasi cha kila mmoja hakikutangazwa, hesabu mara alizoingia badala ya fedha, na uweke alama: K kwa aliyeongoza, S kwa aliyeshiriki.

Hatua ya 4. Pima nani hurudi. Chukua biashara alizoingia zaidi ya miaka miwili iliyopita, kisha uone ngapi kaziongezea fedha. Tuseme ni 20 na karudi kwa 8: asilimia 40. Za juzi ziache nje, hazijapata muda wa kuhitaji raundi nyingine. Kwangu mimi kipimo hiki kina uzito kuliko vyote, kwa sababu mazao ya msimu yanataka mwekezaji atakayekuwepo msimu ukiharibika.

Hatua ya 5. Tenganisha mfuko na mfuko. Kwa kawaida mfuko huishi miaka kama 10, na hundi mpya nyingi hutoka katika minne au mitano ya mwanzo. Mfuko wa kwanza wa TIDE Africa, ulio chini ya TLcom, ulikuwa dola milioni 71. Wa pili ulifungwa 2024 kwa milioni 154. Mfuko ukikua hivyo, hundi nazo huelekea kukua, kwa hiyo hundi ndogo ya zamani isikudanganye.

Hatua ya 6. Soma mistari ya biashara za Tanzania. Raundi kubwa za kwetu ziliongozwa na watu wa mbali: ile ya NALA, kampuni ya kutuma fedha, ya dola milioni 40 mwaka 2024 iliongozwa na Acrew Capital, na ya Ramani, inayohudumia wasambazaji wa bidhaa, ya milioni 32 mwaka 2022 na Flexcap Ventures, zote za Marekani. Mistari hiyo ikiwa michache, hamia kwenye sekta. Kwenye kilimo na chakula, TLcom ilikuwa na Twiga na Pula (bima ya wakulima), Novastar ilikuwa na iProcure (usambazaji wa pembejeo).

Dada wa Muheza akabaki na majina mawili, TLcom na Novastar. Barua ya kwanza tuliiandika jioni ile ile, na aya yake ya pili inaitaja Twiga, iliyoanza na ndizi, kisha inaeleza machungwa yanavyotoka shambani hadi kwa muuza genge, na yanapoharibikia njiani.