Kumtunza punda mstaafu hadi mwisho wake, Kanda ya Ziwa

Punda wa mkokoteni huku Magu, Misungwi na Kwimba huchakaa mapema kwa kubeba maji, mpunga na mkaa. Akitunzwa vizuri, punda hufikisha miaka 30 na kuzidi. Ukipokea leo mwenye miaka 12, jiandae kuwa naye kwa miaka mingine 15 au zaidi. Kabla ya kumfungulia geti, piga hesabu ya chakula.

Punda wa kilo 150 hula kilo 2 hadi 2.7 za chakula kikavu kwa siku, yaani karibu kilo 900 kwa mwaka. Kuanzia Juni hadi Septemba malisho yamekauka, hivyo uwe na kilo 300 ghalani kwa kila punda. Kusanya mabua ya mpunga na ya mahindi mara tu baada ya mavuno, yaanike hadi yakauke kabisa, uyapange juu ya magogo yasiguse ardhi. Mabua ya mpunga yana virutubisho kidogo, kwa hiyo changanya na majani makavu ya porini au majani ya viazi vitamu, na uweke jiwe la chumvi. Chochote chenye ukungu kitupe. Mahindi yenye ukungu ni hatari kuliko yote: sumu yake huharibu ubongo wa punda, na haina dawa.

Aliyekonda sana usimrudishie mwili kwa debe la pumba. Tumbo lililozoea njaa likijazwa wanga ghafla hupata msokoto, na kwato huvimba ndani hadi ashindwe kusimama. Kwa siku 10 za mwanzo mpe majani kidogo kidogo, mara 5 au 6 kwa siku, maji safi yawepo muda wote, ndipo uongeze taratibu.

Akishanenepa kuna hatari nyingine. Punda mwenye mafuta mengi, hasa jike mzee, akiacha kula kwa hofu au maumivu, mafuta hukimbilia kwenye damu na ini hushindwa kazi. Kugoma kula siku moja tu ni dharura ya kumwita daktari wa mifugo. Usidanganywe na midomo: punda mgonjwa husimama kwenye hori na wenzake akichezesha midomo, huku majani yaliyo mbele yake hayapungui. Tazama majani.

Vitu viwili vya kawaida kijijini vinaua punda. Cha kwanza ni chakula cha kuku chenye dawa ya kuzuia kuhara damu kama monensini au salinomisini. Kuku haimdhuru, lakini kwa punda hushambulia moyo. Usihifadhi magunia hayo jirani na banda lake, wala usitumie ndoo moja. Cha pili ni amitrazi, dawa ya kupe inayotumika sana kwa ng'ombe. Ikimgusa punda, utumbo hulegea, kinyesi hukwama. Akienda josho na ng'ombe, uliza kwanza ni dawa gani iliyomo. Sindano ya nagana, ugonjwa unaoletwa na ndorobo, nayo asipigwe kwa kipimo cha ng'ombe. Punda huhimili kidogo sana, na kipimo kiamuliwe na daktari baada ya kukadiria uzito.

Kuhusu banda, manyoya ya punda hayazuii maji, na vuli na masika za huku ni za kunyesha kweli. Wawili wanahitaji paa la angalau mita 9 za mraba, upande wa upepo umezibwa, sakafu imeinuka. Udongo wa mbuga unaoshika maji huozesha kwato. Chagua mwinuko wenye mchanga, au mwaga changarawe mlangoni na kwenye hori, wanaposimama sana. Kaa nje ya mita 60 kutoka ufukweni kama sheria ya mazingira inavyotaka, na maji uwaletee kwenye birika. Kuwapeleka ziwani kila siku ni kumtia mchungaji kichocho.

Kwato zikatwe kila baada ya wiki 6 hadi 10. Kila siku inua mguu, chokoa tope, nusa. Harufu ya uozo na ute mweusi pembeni mwa sehemu laini ya katikati ni dalili za mwanzo, wakati tiba bado ni kusafisha na kukausha tu. Meno yakaguliwe na daktari mara moja kwa mwaka. Ukiona matonge ya majani yaliyotafunwa nusu chini ya hori, jino limechongoka au limeng'oka, naye atahitaji majani yaliyokatwakatwa na kulowekwa.

Vidonda vya kamba na nira vioshwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, lita 1 kwa vijiko 2 vya chai vya chumvi. Oili chafu na maji ya betri huchoma nyama changa, kataa kabisa. Chanjo ya pepopunda isikosekane, na ya kichaa cha mbwa pia. Madume yahasiwe.

Funga banda usiku. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kupiga marufuku kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi, lakini mwizi hasubiri sheria.

Usimpokee punda mmoja peke yake, na walioletwa pamoja usiwatenganishe hata mmoja akiugua. Siku ikifika ambapo hainuki, hataki kula, na maumivu hayatulizwi, mwite daktari ampumzishe kwa sindano palepale alipo. Mwenzake aachwe na mwili hadi aondoke mwenyewe. Akinyang'anywa ghafla hutafuta, huita, huacha kula. Zika kwa kina cha mita 2, mbali na kisima na ziwa, maana dawa iliyobaki mwilini huua mbwa na tai watakaoufukua. Kisha mwangalie aliyebaki kwenye hori kila siku kwa wiki mbili.