Kupiga Puti na Praima Kabla ya Rangi ya Gari

Kazi ya puti, yaani uji mzito unaopakwa ukakauka na kuwa mgumu, ni kusawazisha bati ambalo tayari limenyooshwa kwa nyundo, wala si kujaza shimo, kwa kuwa tabaka nene hupata nyufa upesi. Kwanza ondoa rangi na kutu yote hadi bati ling'ae, likwaruze kwa msasa namba 80 ili puti ipate pa kushika, kisha ulifute mafuta na vumbi.

Changanya hadina (dawa ya kuikausha puti) kwa takriban asilimia 2 ya uzito wa puti, ukiukandamiza mchanganyiko badala ya kuukoroga, kwani kukoroga huingiza hewa, na hewa hiyo ndiyo inayoacha vitundu vinavyojitokeza baadaye kwenye rangi. Ukiona bado kuna michirizi ya rangi mbili, endelea. Usizidishe hadina kwa haraka ya kumaliza, maana doa lake huweza kupenya hadi juu.

Puti ikishakauka, vaa barakoa uisugue kwa msasa uliofungwa kwenye kibao, namba 80 kisha 180. Maji hayafai hapa, kwa sababu puti huyafyonza na bati likashika kutu chini kwa chini. Pitisha kiganja taratibu: mara nyingi mkono hutambua bonde ambalo jicho limelikosa.

Praima, yaani rangi ya msingi inayotangulia rangi yenyewe, hupulizwa tabaka 2 au 3, kila moja likipewa muda wa kukauka. Juu yake nyunyiza rangi nyeusi nyepesi sana, kisha usugue kwa namba 400 hadi 600. Panapobaki weusi ndipo palipo na bonde.