Jinsi ya kusahihisha maandishi yako mwenyewe

Ukipitia ulichokiandika muda mfupi uliopita, husomi kilichopo, unasoma ulichokusudia. Neno lililoruka akili inalijaza yenyewe. Kwa hiyo liache andiko lilale walau usiku mmoja. Kama muda hauruhusu, libadilishe sura: geuza fonti, kuza herufi, au lichapishe kwenye karatasi. Mistari ikikatika mahali papya, jicho halitelezi tena kwa mazoea.

Kisha soma kwa sauti, kila neno litamkwe. Ulimi unapojikwaa weka alama tu na usonge mbele. Ukisimama kurekebisha hapo hapo unarudi kuwa mwandishi, na aya mbili zinazofuata utazipita bila kuziona.

Usiwinde makosa yote kwa mara moja. Mzunguko mmoja uwe wa maneno yanayofanana. Programu ya kukagua tahajia haitakusaidia kitu hapa, maana kura na kula, mahari na mahali, samani na thamani, ajali na hajali yote ni maneno halali. Anayechanganya r na l, au anayedondosha h anapozungumza, aandike orodha ya maneno yanayomponza na kuyatafuta moja moja kwa kitufe cha kutafuta. Tafuta pia "kwahiyo" na "kwasababu" uzitenganishe, na "anae" iwe "anaye". Usibadilishe yote kwa mkupuo: ukitafuta "alie" ili iwe "aliye", utaharibu "alielewa", ambalo halikuwa na kosa.

Upatanisho wa ngeli uupe mzunguko wake peke yake, tena usiufanyie haraka. Hapa ndipo makosa mengi huzaliwa wakati wa kusahihisha kwenyewe. Tuseme uliandika: "Ripoti iliyotumwa jana ina makosa, irudishwe." Ukaona "waraka" linafaa zaidi, ukabadilisha neno hilo moja. Sasa una "Waraka iliyotumwa jana ina makosa, irudishwe", na programu nyingi zitainyamazia sentensi hiyo kwa kuwa kila neno limeandikwa sawa. Inatakiwa: "Waraka uliotumwa jana una makosa, urudishwe." Neno moja limeburuta mengine matatu. Ndiyo maana kila ukibadilisha nomino, fuata viambishi vyake hadi mwisho wa aya, si mwisho wa sentensi tu. "Yake" na "hiyo" hupenda kubaki nyuma.

Majina na tarakimu havisahihishwi kwa kusoma. Weka chanzo pembeni, ulinganishe herufi kwa herufi, namba kwa namba. Jumla za majedwali zipigie hesabu upya. Tarehe iliyotajwa pamoja na siku ya wiki ihakikishe kwenye kalenda.

Mwisho kabisa rudi kwenye kichwa na vichwa vidogo. Wengi huviruka kwa kudhani kosa kwenye herufi kubwa hivyo lingeshaonekana.