Muuguzi Mtandaoni: Namna ya Kuandika Bila Kumfichua Mgonjwa

Wauguzi wengi huamini kwamba jina la mgonjwa likishafutwa, siri yake imehifadhika. Katika vijiji vya Newala au Liwale, ambako watu hujuana kuanzia shambani hadi kwenye ghala la korosho, imani hiyo haina msingi, kwani kuandika tu kwamba jana usiku mmempokea mama aliyejifungua mapacha watatu kunatosha kumtambulisha kwa kijiji kizima. Kabla ya kuchapisha kisa chochote, jiulize kama jirani wa mgonjwa angemtambua. Ikiwa angemtambua, ondoa kijiji, siku, umri na hata chombo kilichomleta. Kisa kikibaki bila maana baada ya hapo, kiache. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, nazo hazipungui unyeti kwa sababu aliyezitoa alikuwa na nia njema.

Picha ni hatari zaidi. Nyuma ya wauguzi wanaofurahia kumaliza zamu huweza kuonekana faili lililo wazi au ubao wenye majina, kwa hiyo pigeni picha nje ya wodi.

Kundi la WhatsApp linafaa kwa kubadilishana zamu na kukumbushana vikao, lakini si mahali pa kutuma picha ya kidonda, kwa kuwa picha hiyo huweza kujihifadhi katika simu ya kila mwanakundi, pamoja na ile ambayo mtoto huichezea jioni. Ukihitaji ushauri wa daktari, mpigie simu.

Hayo yasikufanye ukae kimya. Mtwara na Lindi zina wagonjwa wa mabusha na matende ambao bado wanaambiwa kuwa wamerogwa, na muuguzi anayeeleza kwa Kiswahili chepesi kwamba chanzo ni minyoo inayoenezwa na mbu, na kwamba busha hutibika kwa upasuaji, anafanya kazi kubwa. Andika kwa jina lako, na usikisemee kituo bila ruhusa ya mganga mfawidhi.

Msomaji akikuandikia faraghani kuuliza dawa, usimpangie dozi. Mjibu hivi: “Pole sana. Siwezi kukutibu bila kukuona. Tafadhali nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe, na ukizidiwa usisubiri asubuhi.”