Kuchambua mitumba ya watoto Dodoma: mwongozo wa mzazi

Mwongozo huu ni wa mzazi anayeishi Dodoma au wilaya za jirani, mwenye watoto wadogo, anayetaka kuwavalisha vizuri kwa mitumba bila kurudi nyumbani na mfuko wa nguo ambazo hakuna atakayezivaa. Mimi huchambua kwa ajili ya wanangu na kwa ndugu wanaoniagiza. Anayetaka nimfundishe huwa namwambia jambo moja kabla ya mengine yote: usinunue mwili wa leo, nunua mwili wa mwakani. Sokoni hupati unachokitafuta siku unayokitafuta, unapata kilichokuwamo kwenye belo, yaani lile robota la mitumba. Mzazi anayesubiri mpaka suruali imfike mtoto kwenye ugoko ndipo atoke, atanunua chochote, kwa bei yoyote.

Hatua ya 1: Mpime mtoto, na mpime kwa sentimita

Msimamishe ukutani bila viatu, weka alama ya penseli juu ya kichwa, pima kwa futi ya fundi. Pima na kiuno, na mguu kwa ndani kuanzia kwenye paja mpaka kifundo. Andika kwenye simu. Kwa viatu, msimamishe juu ya boksi, chora unyayo, kisha ongeza kama sentimita moja mbele ya dole gumba na ukate. Kipande hicho cha boksi ndicho utakachokwenda nacho sokoni. Kikizama ndani ya kiatu bila kujikunja, kiatu kinamtosha na kina nafasi ya kukulia.

Kwa nini sentimita? Kwa sababu nguo nyingi za watoto zinazotoka bara la Ulaya lebo yake ni urefu wa mtoto: 98, 104, 110, 116, 122, 128. Angalia zinavyopanda, sita sita. Mtoto wa umri wa shule ya msingi, kabla hajabalehe, huongezeka takriban sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka. Kwa hiyo namba moja kwenye lebo ni kama mwaka mmoja wa kukua. Mwenye sentimita 113 leo anavaa 116, na ya 122 ni ya mwakani. Ukishalielewa hili, rundo la nguo zisizojulikana linageuka kuwa kitu unachoweza kukipanga.

Lebo za Uingereza zinaandika umri, na umri ni wa kuutilia shaka, kwa sababu wa miaka sita wako anaweza kuwa na mwili wa miaka mitano au wa minane. Lebo ya Marekani yenye T, kama 2T au 4T, ni ya mtoto mdogo ambaye huenda bado anavaa nepi, kwa hiyo hukatwa pana kidogo matakoni. Na herufi M isikuchanganye: 12M ni miezi kumi na miwili, M peke yake ni saizi ya kati. Pale lebo inapokuwa imekatwa au imefutika, futi ya fundi ndiyo itakayosema.

Viatu vina mtego wake. Namba za Uingereza na Marekani kwa watoto hupanda mpaka 13 halafu zinaanza tena 1. Kwa hiyo kiatu namba 2 chaweza kuwa cha mtoto mchanga au cha mtoto wa darasa la tatu. Ndiyo maana ya kile kipande cha boksi.

Hatua ya 2: Chagua mwezi, halafu siku, halafu soko

Baridi ya Dodoma inakuja na upepo, Juni mpaka Agosti, na asubuhi mtoto anayewahi namba shuleni anaihisi vizuri. Sweta na majaketi yanunuliwe kati ya Novemba na Februari, wakati hakuna anayeyawaza na muuzaji anayaona yanamjazia meza. Shati jeupe na viatu vyeusi vya shule, Oktoba. Ukisubiri wiki ya kwanza ya Januari utagombania na mji mzima.

Mji huu ni wa watumishi, na tangu Serikali ilipoanza kuhamia huku kwa kasi mwaka 2016 soko linaifuata kalenda ya mshahara. Siku mshahara unapoingia, bei inapanda na uvumilivu wa muuzaji unashuka. Mimi hupenda katikati ya mwezi. Bunge la bajeti nalo, kuanzia Aprili mpaka mwishoni mwa Juni, huleta watu mjini. Sisemi mheshimiwa anakuja kuinama kwenye turubai, ila wageni wengine wanakuja, tena wana macho.

Kwa nguo za watoto ninaanzia Sabasaba, kisha Machinga, yaani soko la wazi la machinga, ambako wengi wamepanga vizuri na kuna kivuli, jambo lisilo dogo ukiwa na mtoto mgongoni. Majengo napita nikiwa nimeenda kwa ajili ya nyanya. Jumamosi kuna mnada wa Msalato. Watu wanaujua kwa ng'ombe na nyama choma, lakini kunakuwa na wauza mitumba pia, na familia inaweza kula hapo hapo.

Muhimu kuliko soko ni muuzaji. Tafuta wawili watatu wanaofungua belo la watoto, chukua namba zao, waulize wanafungua siku gani. Wengi hutupia picha WhatsApp. Siku ya kufungua belo bei iko juu lakini vyote vipo. Siku ya tatu wanapiga kelele "jero, jero, buku mbili tatu". Kitu cha pekee kifuate siku ya kwanza, na fulana za kuchezea zisubiri jero.

Hatua ya 3: Vya kubeba

Noti ndogo ndogo, mfuko wako mwenyewe, maji, kofia, na nguo moja inayomtosha mtoto sasa hivi ili uitandaze juu ya ile unayotaka kuinunua. Ukienda na mtoto, mwandikie namba yako ya simu kwa biro kwenye mkono, ndani ya kiwiko. Na mpatane mkiwa bado kwenye daladala kwamba akipenda kitu akushike kidole, asipige kelele. Muuzaji akishasikia "mama nataka hiki!", mazungumzo ya bei yamekwisha.

Hatua ya 4: Kuchambua rundo

Anza kwa mkono. Pitisha vidole ndani ya rundo bila kuvuta chochote juu, tafuta uzito na ulaini. Pamba nzito unaijua, jinzi unaijua, sufu unaijua. Kitambaa chepesi kinachoteleza, chenye ukavu fulani, mara nyingi ni poliesta, na kwa jua la huku mchana mtoto atachemka ndani yake. Vuta vile tu ambavyo mkono umevikubali, viweke begani, endelea. Usikague kimoja kimoja papo hapo, kwa sababu wakati unakagua kimoja mwenzako anaondoka na vitatu.

Ukishakusanya, sogea pembeni penye mwanga na ukague kwa mpangilio uleule kila mara. Tuchukue suruali. Igeuze ndani nje. Inyanyue juani, tazama magotini na makalioni: mwanga ukipenya kama chujio la chai, kitambaa kimekwisha hata kama kwa nje kinang'aa. Vuta mshono wa kati kwa vidole viwili na uone kama nyuzi zinaachia. Fungua na funga zipu mara tatu, si mara moja, kwa kuwa zipu mbovu hujificha mara ya kwanza. Zipu yenye herufi YKK ni ya kampuni ya Kijapani, na kwa uzoefu wangu huwa inadumu kuliko suruali yenyewe. Chungulia kiunoni kwa ndani. Suruali nyingi za watoto za Ulaya zina lastiki yenye matundu na kifungo kila upande, unapunguza leo na kuachia kadiri mtoto anavyonenepa. Ukiikuta hiyo, pamoja na upindo mpana chini, chukua hata namba ikiwa juu mbili. Fundi atakunja, mwakani atakunjua.

Kwenye shati na gauni, angalia kwapani, kolani na chini ya vifungo. Doa la chakula kifuani laweza kutoka. Njano ya kwapani na kutu ya zipu mara nyingi hazitoki, usijidanganye. Kunusa ni lazima. Harufu ya mtumba, ile ya dawa, inaondoka kwa kufua, lakini ya ukungu ni mbishi.

Nguo iliyochuja rangi sawasawa kote mimi naichukua, ni ya kuchezea udongoni. Iliyochuja mabaka, hapana. Sweta lililoota vipele ni la kukwangua kwa wembe wa zamani dakika kumi, na wauzaji wengi hawalijui hilo, kwa hiyo bei yake huwa ya huruma.

Hatua ya 5: Bei

Salimia kwanza. Muuzaji mtu mzima, shikamoo yake apewe. Usiulize bei ya kitu ulichokipenda. Uliza ya jirani yake, ndipo umguse mpenzi wako kama kwa bahati mbaya.

"Hili jaketi, kaka?"
"Elfu kumi mama, gredi ya kwanza hiyo."
"Na hizi suruali mbili?"
"Tatu tatu."
"Jaketi, suruali mbili na hii fulana, nifanyie kumi zote."
"Mama, unanilalia!"
"Basi kumi na moja, na hii zipu naipeleka kwa fundi mimi mwenyewe."
"Ongeza buku nifunge."

Mnafunga kumi na mbili. Siri iko kwenye mafungu, kwa kuwa kitu kimoja hakina nafasi ya kupunguzwa lakini vinne vinayo. Kasoro itaje kwa utulivu, usiiponde bidhaa ya mtu, maana wiki ijayo unarudi kwake. Na ukitaja bei akakubali, nunua. Kumkubalisha mtu halafu ukaondoka ni kujifungia mlango.

Katika kichwa chako jumlisha gharama ya fundi kabla hujataja bei. Gauni la elfu mbili linalohitaji zipu mpya, vifungo na kupunguzwa mabega si la elfu mbili.

Hatua ya 6: Visivyo nguo, na vya kuacha

Kiatu kikunje katikati na ubonyeze soli kwa ukucha. Kuna raba zinazoonekana mpya kabisa lakini zimekaa miaka stoo, unyevu umeila soli kimyakimya, mtoto anavaa siku mbili inamomonyoka. Soli inayonata au kutoa unga, irudishe. Iliyolika upande mmoja pia, kwani imeshachukua mwendo wa mtoto mwingine.

Midoli yenye betri, fungua au iache. Betri za kifungo ni hatari kweli: ikimezwa na kukwama kooni inaweza kuunguza ndani ya saa mbili. Kama kifuniko hakina skrubu, sinunui. Vitofali vya plastiki vikiuzwa kwa mfuko, chukua kimoja utazame vijinundu vya juu. Vya LEGO halisi vina jina hilo dogo juu ya kila kijinundu, na vya zamani bado vinashikana na vipya. Mfuko wa namna hiyo ukiupata kwa bei ya midoli ya kawaida, nyamaza na ulipe. Ila si kwa mtoto anayeweka kila kitu mdomoni.

Kitanda cha mtoto mara nyingi hakipatikani sokoni, kinapatikana kwa mtumishi anayehamishwa. Makundi ya mtaa ya WhatsApp yamejaa "nauza, nahama". Kopo la soda likipita kati ya nondo za pembeni, nafasi ni pana mno, acha. Kwenye mbao, washa tochi ya simu kwenye maungio na matundu ya skrubu utafute vidoa vyeusi. Kunguni hukaa miezi bila kula, kwa hiyo "kilikuwa stoo muda mrefu" si dawa. Kiti cha mtoto cha gari, kama humjui mwenyewe na huijui historia yake, usinunue kwa bei yoyote, maana kilichopitia ajali hakionyeshi.

Nguo za ndani za mitumba TBS, yaani Shirika la Viwango, imezipiga marufuku, na bado utazikuta zimetandazwa. Zipite.

Na ukichoka na vya watoto, jiangalie mwenyewe. Jaketi ya jinzi ya Levi's yenye kilebo chekundu kilichoandikwa LEVI'S, E ikiwa herufi kubwa, huenda ni ya kabla ya 1971, ingawa wametengeneza pia nakala za mtindo huo. Huku inauzwa rundo moja na nyingine, na walioijua wanaisaka dunia nzima.

Hatua ya 7: Nyumbani

Mfuko usiingie chumbani. Loweka kwenye maji ya moto na sabuni, vya rangi peke yake, vyenye harufu ongeza siki. Anika juani, kisha piga pasi pande zote mbili ukikazia mishono na kiuno. Wadudu wa upele hawaishi zaidi ya siku mbili tatu nje ya mwili wa mtu, lakini lile rundo limejaribiwa na wengi asubuhi hiyo hiyo.

Vya mwakani vifunge kwenye boksi, uandike nje namba tu: 122, 128. Vinavyohitaji fundi vikusanye, mpelekee kwa pamoja atakufanyia bei, na mpelekee kabla ya katikati ya Desemba. Baada ya hapo cherehani zote za Dodoma ziko kwenye sare za shule na suruali yako itakaa chini ya meza mpaka Februari.