Paka akipotea Mwanza, mulika mawe ya jirani kwanza

Paka wa ndani akitoroka, mara nyingi hajaenda mbali. Amejibanza nyumba 3 au 4 kutoka kwenu, na kwa hofu halii hata akisikia sauti yako, ndiyo maana kumwita mchana hakusaidii sana. Subiri saa sita usiku, bodaboda zikitulia. Shika tochi usawa wa macho yako, si kiunoni, ili uone macho yake yanavyorudisha mwanga. Kwenye vilima vya Mabatini, Igogo au Bugando mulika kila ufa wa mawe, chini kabisa, kisha tulia dakika 10 ukisikiliza.

Kaanga dagaa kidogo, weka ndani ya mlango ulioachwa wazi kiasi. Usiwatawanye mtaani: utakusanya mbwa, naye atazidi kujificha. Majirani wafungue stoo na mabanda wewe ukiwepo. "Hayupo" ya mtu ambaye hajachungulia si jibu.

Dume asiyehasiwa ni habari nyingine. Huyo panua eneo, na kama mnakaa Kirumba kaulizie hadi Mwaloni kwa wauza dagaa.

Ukimwona usimkimbilie. Chuchumaa, mpe ubavu, mwache aje mwenyewe.