Kuchora bandari alfajiri kwa rangi za maji, kwa njia ya Turner huko Venice

J. M. W. Turner (1775–1851), Mwingereza mchoraji wa mandhari, alifika Venice mara tatu: 1819, 1833 na 1840. Safari ya kwanza alijaza madaftari kwa penseli. Picha za rangi alizochora wakati huo ni chache mno. Mojawapo inaonyesha kanisa la San Giorgio Maggiore asubuhi na mapema. Kanisa la kisiwani liko kati yako na jua, kwa hiyo linaonekana kama kivuli cha samawati, na weupe wote unaong'aa ni karatasi yenyewe. Ndiyo picha bora ya kujifunzia.

Vifaa: karatasi ya rangi za maji ya gramu 300 kwa mita ya mraba, ukubwa wa A4, ubao, utepe wa karatasi wenye gundi, brashi bapa ya sentimita 2.5 na ya mviringo namba 8. Rangi mbili: oka ya manjano (rangi ya udongo) na bluu ya kobalti. Rangi nyeupe usinunue.

1. Nenda ufukweni na daftari. Chora kwa penseli minara, kuba na milingoti tu. Nyoosha mkono, pima kimo cha mnara kwa penseli, ukilinganishe na upana wa jengo. Rangi baadaye.

2. Loweka karatasi dakika 5, ibandike ubaoni kwa utepe pande zote nne, iache ikauke usiku kucha. Ukiruka hatua hii itavimba na rangi itatuama mabondeni.

3. Piga mstari wa maji sentimita 7 kutoka chini, hafifu sana, na juu yake nakili mchoro wa daftarini.

4. Inua nyuma ya ubao sentimita 3. Lowesha karatasi yote. Koroga oka kiasi cha punje ya choroko katika vijiko 2 vya chai vya maji, upake juu kidogo ya mstari na chini yake, ukiacha weupe pale jua linapochomoza. Kisha acha!

Hapa ndipo picha nyingi huharibika. Mng'ao wa maji ukishapotea, karatasi bado ina unyevu. Ukigusa kwa brashi yenye maji mengi, maji mapya husukuma rangi pembeni na kuacha doa lenye kingo za mikunjo kama koliflawa. Halifutiki. Gusa ukingo wa karatasi kwa mgongo wa mkono: ikiwa baridi, subiri. Ukiwahi na bluu, itachanganyika na oka na kutoa kijani cha matope.

5. Ikishakauka kabisa, paka kanisa (au jengo kuu la bandari yako) lote kwa kobalti nyepesi, mkupuo mmoja, bila madirisha. Kabla halijakauka, futa miguu yake kwa brashi iliyokamuliwa, ionekane imezama kwenye ukungu.

6. Taswira majini huanguka wima chini ya jengo. Ipake nyepesi kuliko jengo, uikate kwa mistari michache ya mlalo.

7. Mtumbwi mmoja wa kobalti nzito karibu nawe unatosha kusukuma kanisa mbali. Miale midogo majini ikwaruze kwa ncha ya kisu, karatasi ikiwa kavu. Yenye unyevu huchanika nyuzi. Turner naye alikwaruza hivyo.